Ufashisti Haupimwi kwa Wingi wa Damu

Imekuwa ada katika nchi zetu kwamba mtawala akizidi ukali kidogo, watu humvika jina la fashisti: mkuu wa wilaya aliyemweka mtu ndani saa 48 kwa kubishana naye hadharani, waziri aliyelifungia gazeti, askari waliowacharaza virungu vijana wa upinzani, wote huingizwa katika daftari moja na Mussolini na Hitler, na msemaji akaona amekwisha maliza hoja. Sikusudii kuwatetea watu hao, maana udhalimu hauhitaji jina la kigeni ili uchukize. Ninalolidai ni kwamba ufashisti ni jinsi ya siasa yenye asili na tabia zake, na kwamba anayeupima kwa kiasi cha ukali peke yake atauona mahali usipokuwapo, na siku utakapokuja kweli, umevaa sare nadhifu na kushangiliwa barabarani, huenda akawa miongoni mwa wenye kuushangilia.

Mtazameni Idi Amin, ambaye Watanzania walimwita nduli, na jina likamstahiki. Alitwaa serikali ya Uganda tarehe 25 Januari 1971 kwa nguvu ya jeshi, akaua raia wake kwa maelfu, akawafukuza Waasia mwaka uliofuata, na mwaka 1978 akaivamia Kagera. Lakini hakuwa na chama, wala itikadi iliyoandikwa, wala umati wa vijana waliojiandikisha kumtumikia kwa hiari yao kabla hajawa na mamlaka ya kuwalazimisha. Mwananchi aliyekaa kimya nyumbani kwake, akimwomba Mungu asitajwe mbele ya wakubwa, alikuwa ametimiza yote aliyotakiwa. Mussolini alitawala Italia miaka 20 na zaidi, na mahakama maalumu aliyowaundia wapinzani wake ilitoa, katika uhai wake wote hadi mwaka 1943, hukumu za kifo 42. Kwa mizani ya damu iliyomwagwa nyumbani, Amin alimpita mbali. Hata hivyo ufashisti ni wa Mussolini, na Amin alikuwa dhalimu wa namna ya kale kuliko huo, namna ambayo dunia imeijua tangu wanadamu walipoanza kubeba silaha.

Chama cha Mussolini kilizaliwa Milan tarehe 23 Machi 1919. Mwenyewe alikuwa mwana wa mhunzi, na kwa muda alikuwa mhariri wa gazeti la Wasoshalisti, hata walipomfukuza mwaka 1914 kwa kuitakia Italia vita. Waliomzunguka aghalabu walikuwa askari waliorudi kutoka vitani, wenye uchungu kwamba nchi yao ilishinda vita lakini ikatendewa kama iliyoshindwa. Katika uchaguzi wa Novemba 1919 hawakupata kiti hata kimoja, na mjini Milan kwenyewe kura zao hazikufika 5,000. Laiti mambo yangeishia hapo, leo tusingalilijua jina lao. Kilichowainua ni woga wa wakwasi. Mwaka 1920 wafanyakazi waliviteka viwanda vya Torino na Milan, na katika bonde la mto Po vibarua wa mashambani walikuwa wamejiunga katika vyama vyenye nguvu hata mwenye shamba hakuweza tena kumwajiri mtu wala kumfukuza bila ya kuwauliza.

Basi wenye mashamba wakawalipa vijana wa Mussolini, waliovaa mashati meusi. Usiku walifika vijijini kwa malori, wanafunzi wa vyuo pamoja na maofisa waliokwisha kuachishwa jeshi, mikononi wana virungu, wakaichoma nyumba ya chama cha vibarua pamoja na vitabu na madaftari yake, kisha wakamtoa katibu wa chama kitandani mbele ya mkewe na watoto wake, wakampanua kinywa kwa nguvu na kummiminia mafuta ya mbarika, chupa nzima pengine, hata atokwe na haja mbele ya majirani waliomheshimu. Iangalieni sana silaha hiyo, maana ndani yake mna nusu ya siri ya ufashisti: mtu huyo hawakumuua, bali walimfedhehesha, na asubuhi kijiji kizima kilicheka au kilinyamaza. Askari wa serikali walikuwapo, wakatazama, na mara kwa mara ndio waliowaazima malori na bunduki.

Nusu ya pili ya siri hiyo imo mikononi mwa watu waheshimiwa. Giovanni Giolitti, mzee aliyekuwa waziri mkuu mara tano na ambaye hakuna aliyemzidi kwa hila za bunge, aliwaingiza Mafashisti katika orodha yake ya uchaguzi mwaka 1921, akidhani kwamba wakionja viti watatulia. Wakapata viti 35. Mwaka uliofuata walipoanza kuandamana kuelekea Roma, waziri mkuu Luigi Facta aliandaa amri ya hali ya hatari, na jeshi, lililokuwa na uwezo wa kuwatawanya, lilikuwa tayari. Lakini asubuhi ya tarehe 28 Oktoba 1922 Mfalme Vittorio Emanuele wa Tatu alikataa kuitia sahihi. Mussolini, aliyekuwa amebaki Milan mbali na hatari, alipanda treni ya usiku akaenda kukabidhiwa serikali. Bunge lile lile ambalo watu wake walikuwa wachache ndani yake likampa imani kwa kura 306 dhidi ya 116, na Giolitti akiwa katika wengi hao. Kwa hiyo anayesimulia kwamba Mafashisti waliipindua Italia husimulia hadithi waliyoitunga Mafashisti wenyewe. Kwa hakika walifunguliwa mlango, tena na watu waliojiona werevu.

Wengi huuchanganya ufashisti na ukomunisti, kwa sababu vyote viwili vimezaa chama kimoja, polisi wa siri na picha ya kiongozi ukutani. Lakini Mkomunisti hunyang'anya viwanda na mashamba, na mahubiri yake yamwambia mfanyakazi wa Torino kwamba ndugu yake ni mfanyakazi wa Marseille. Mussolini aliwaachia matajiri mali zao, akapiga marufuku migomo mwaka 1926, na mwaka huo huo akamtia gerezani Antonio Gramsci, kiongozi wa Wakomunisti. Akamfundisha mfanyakazi kwamba ndugu yake ni Mwitalia mwenzake, hata kama ni tajiri amnyonyaye, na kwamba adui wao wote wawili yuko ng'ambo ya mpaka. Ama mfuasi wa uliberali huamini kwamba serikali ni ya kuwatumikia watu mmoja mmoja; kwa Mfashisti, mtu mmoja mmoja hana maana ila ndani ya serikali.

Tofauti iliyo ngumu zaidi kuiona, na iliyo na faida zaidi kwetu, ni ile iliyopo baina ya Mfashisti na dikteta wa kawaida. António Salazar wa Ureno alikuwa dikteta bila shaka, na watu wa Msumbiji na Angola waliuonja ukali wa serikali yake. Lakini alikuwa profesa aliyependa utulivu, akataka Wareno waende kanisani na mashambani, wasishughulike na siasa kabisa, na mwaka 1934 alilipiga marufuku kundi la mashati ya bluu la nchi yake mwenyewe kwa sababu ghera yao ilimkera. Mfashisti hawezi kuishi bila ya ghera hiyo. Kimya hakimtoshi, ataka watu uwanjani, mikono juu, watoto wa miaka minane wamevaa mashati meusi wakipigishwa kwata. Hata kura huigeuza kuwa gwaride: katika kura ya mwaka 1929 Waitalia waliletewa orodha moja ya majina 400, waikubali yote au waikatae yote, na karatasi ya ndiyo ilikuwa na rangi tatu za bendera, ilhali ya hapana ilikuwa nyeupe, kila mwenye macho akaona mwenzake amechagua ipi.

Nasi Waafrika tuna neno letu katika jambo hili. Italia ilipoivamia Uhabeshi Oktoba 1935, ilimwaga gesi ya sumu juu ya watu wasio na kinga, na mwaka 1937 ikatunga sheria ya kumfunga Mwitalia aliyeishi kinyumba na mwanamke wa makoloni, kifungo cha mwaka mmoja hadi mitano. Waliokwenda kuwatoa Waitalia humo, hata Addis Ababa ikakombolewa Aprili 1941, walikuwamo askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wanaume ambao kwao hawakuwa na kura. Aimé Césaire wa Martinique aliandika mwaka 1950 kwamba Hitler aliwatenda Wazungu yale ambayo Wazungu walikwisha kuyatenda makoloni, nami sioni jawabu la kumrudishia, isipokuwa hili: mkoloni wa Kiingereza hakuhitaji tumpende, ilmuradi tulipe kodi.

Wapo wanaosema kwamba utawala wa chama kimoja cha TANU nchini Tanzania ulikuwa ufashisti. Siwaafiki. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 wagombea wawili wa chama hicho hicho walishindanishwa katika majimbo mengi, na baadhi ya mawaziri wakaangushwa na wapiga kura. Jambo hilo lina kasoro zake nyingi, lakini linganisheni na karatasi ya rangi tatu. Kama hatuna budi kulitafutia jina hilo mahali katika eneo letu, mimi nitaielekea Rwanda ya miaka ya 1992 na 1993. Habyarimana alikuwa mwanajeshi aliyetwaa nchi mwaka 1973, na kwa miaka mingi hakuwa zaidi ya dikteta wa kawaida. Lakini vyama vya upinzani vilipohalalishwa, tawi la vijana la chama chake, Interahamwe, likaanza kuwapiga wapinzani mitaani na kuwaua, askari wakitazama, na Julai 1993 redio ya RTLM ikaanza kulipa taifa adui wa kumchukia kwa nyimbo na mzaha. Hayo yote yalionekana mchana kweupe kabla ya mauaji ya kimbari yaliyoanza Aprili 1994, na mabalozi waliokuwapo Kigali waliyaita matatizo ya mpito kuelekea demokrasia.