FEDHA IPITAYO RUSUMO

Mtu asimamaye juu ya daraja la Rusumo huona vitu viwili vikipita bila kusimama. Chini yake hupita maji ya Mto Kagera, yaliyobanwa na majabali na kuanguka kwa kishindo. Mbele yake hupita malori, moja nyuma ya jingine, yaliyotoka bandari ya Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,300, yakienda Kigali, na mengine yakipita Kigali hadi mashariki ya Kongo. Maji yale yamekwisha kufungwa nira. Mwaka 2013 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 kwa ajili ya kituo cha umeme cha maporomoko hayo, na megawati 80 za kituo hicho ni mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwa mafungu yaliyo sawa. Serikali tatu zilikaa pamoja miaka mingi zikitafuta namna ya kuyafanya maji yasipite bure.

Swali letu leo ni juu ya kile kitu cha pili. Ni nani amekaa kitako kutafuta namna ya kuifanya fedha nayo isipite bure? Katika kila lori lile mna mafuta yaliyonunuliwa mahali fulani, mna matairi yaliyotengenezwa mahali fulani, na mna dereva aliyekula na kulala mahali fulani. Kutoka Nyakahura katika Wilaya ya Biharamulo, kupita Benaco katika Wilaya ya Ngara, hata kufika Rusumo penyewe, wapo wananchi wenye vibanda, magenge, gesti, mashine za kusaga na karakana za kuchomelea vyuma. Hao ndio tunaowafikiria tunapoandika maneno haya.

Wapo wasemao kuwa kuzisaidia biashara ndogo za wenyeji ni kazi ya majiji, ya Dar es Salaam na Mwanza, palipo na Kariakoo na wamachinga kwa maelfu. Hatukubaliani nao. Jiji lina kazi za namna nyingi, na mtu akishindwa hili hujaribu lile. Mji wa mpaka una mlango mmoja tu. Mlango huo ukimpita mwenyeji, hana mwingine wa kubisha.

Na Ngara wanajua vizuri jinsi bahati ijayo kwa barabara inavyoweza kuondoka kwa barabara ile ile. Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja hili kwa muda usiotimia siku mbili, wakikimbia mauaji ya Rwanda. Benaco, mahali ambapo wengi wetu hatukuwa tumepata kupasikia, pakawa kambi kubwa mno ya wakimbizi. Ulikuwa msiba, wala hatutaki mtu aseme kuwa ulikuwa soko. Lakini soko lilifuata msiba, kama lifuatavyo siku zote. Yakaja mashirika yenye mishahara, magari na mahitaji. Wakaja wafanyabiashara kutoka mbali wenye mitaji. Na wenyeji nao wakafungua magenge na vioski. Desemba 1996 wakimbizi walirudishwa kwao, na mashirika yakaanza kufunga mizigo. Aliyekuja na mtaji wake aliondoka na mtaji wake. Mwenyeji alibaki na kibanda, na msitu uliokatwa kwa kuni. Kwa miaka ile miwili na nusu fedha nyingi ilipita Ngara, lakini ni kidogo tu iliyopata mahali pa kujishikiza.

Mlango wa pili ulifunguliwa tarehe 6 Aprili, 2016, Rais Magufuli na Rais Kagame walipozindua daraja jipya na Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, vilivyojengwa kwa msaada wa Japani. Zamani lori lilisimama upande huu likakaguliwa, likavuka, likasimama tena ng'ambo na kukaguliwa upya. Sasa hukaguliwa mara moja tu, katika nchi liingiayo. Sisi tunakisifu kituo kile kwa moyo wote. Saa inayookolewa mpakani hupunguza bei ya saruji na ya mafuta ya taa kwa watu wengi. Hata hivyo tuseme na upande wa pili wa habari, ambao hausemwi siku za kukata utepe. Dereva aliyelazimika kulala Rusumo alikula Rusumo. Dereva asiyelazimika kulala huendelea na safari, na mama lishe aliyepika sufuria mbili za wali hubaki na moja. Hakuna mtu mwenye akili atakayeomba malori yacheleweshwe ili wali uuzwe. Maana yake ni kwamba mji uliokuwa ukiishi kwa foleni sasa hauna budi kuishi kwa ubora: maegesho yenye taa na ulinzi, maji ya kuoga, fundi wa breki anayeaminika, chakula kilichofunikwa. Dereva asiyeshikwa na foleni atasimama palipo na sababu ya kusimama. Na sababu hizo mama lishe hawezi kuzijenga peke yake. Taa, maji na maegesho ni kazi ya Halmashauri.

Sasa tuje kwa agizo la Julai 2025. Wizara ya Viwanda na Biashara ilitangaza kuwa asiye raia hataruhusiwa kufanya biashara za aina 15, miongoni mwake duka la jumla na la rejareja, uwakala wa kutuma fedha kwa simu, ufundi wa simu, na kununua mazao shambani. Adhabu zikawekwa kwa mgeni atakayevunja agizo, na pia kwa raia atakayemsaidia kulivunja. Agizo lilishangiliwa Kariakoo, na Kenya ikalalamika. Sisi tunaielewa shangwe ile. Mtu aliyekopa ili afungue kioski halafu akaona mgeni mwenye mtaji mara mia akifungua mlango wa pili yake, huyo ana haki ya kuuliza Serikali yake iko wapi. Lakini kuufunga mlango kwa mgeni hakujazi rafu za mwenyeji, na ushahidi wa neno hili uko karibu na kwetu. Kenya ilitunga sheria ya leseni za biashara mwaka 1967, ikawaondoa wasio raia katika baadhi ya maeneo na baadhi ya bidhaa. Na haukupita muda zikaonekana leseni nyingi zenye jina la raia mlangoni na fedha ya mwingine ndani. Uganda ilikwenda mbali zaidi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na maduka yao yakagawanywa kwa askari na marafiki. Waliopewa maduka waliuza vilivyokuwamo, na vilipokwisha hawakujua vinaagizwa wapi wala kwa mkopo wa nani.

Sisi wenyewe hatuna haki ya kuwacheka jirani. Mwaka 1976 tulifunga maduka ya watu binafsi katika vijiji vingi ili maduka ya vijiji yashike nafasi yake, na mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Nia ilikuwa njema. Lakini duka la kijiji lilitakiwa liwe na lori, ghala, mtaji na mtu ajuaye kuandika daftari. Na mahali ambapo havikuwapo, mwananchi alitembea mbali zaidi kutafuta chumvi kuliko zamani.

Kwa Rusumo lipo jambo moja katika agizo hilo ambalo lataka kufikiriwa kuliko yote, nalo ni kununua mazao shambani. Mchuuzi wa Ngara atakaye kununua maharage na mahindi ili ayauze mpakani hufurahi akiambiwa mnunuzi wa kigeni asifike shambani. Bei ya shambani itashuka, naye atapata faida. Lakini mkulima je? Yeye hutaka wanunuzi wawe wengi, si wachache, na hamwulizi mnunuzi ametoka ukingo gani wa mto. Wote wawili ni wananchi, wote wawili ni wadogo, na mara nyingi ni mtu na shemeji yake. Kila asemaye kuwa jambo hili ni rahisi, basi bado hajakaa na mkulima na mchuuzi katika baraza moja.

Maoni yetu ni haya. Mchuuzi wa kwetu atamfaa mkulima siku atakapoweza kulipa fedha taslimu shambani siku ile ile mavuno yatokapo. Asipoweza, atafanya moja kati ya mawili: atamkopa mkulima kwa ahadi, au ataichukua fedha ya yule yule mgeni aliyekatazwa, awe mguu wake na jina lake. Kuziwinda leseni za kuazima bila kumpa mtu mtaji ni sawa na kukata majani na kuuacha mzizi.

Na mtaji, kwa sheria, upo. Tangu mwaka 2018 kila Halmashauri hulazimishwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, na mwaka 2024 ikairudisha kwa utaratibu mpya. Ilifaa isimamishwe na ilifaa irudishwe. Lakini fedha itolewayo miezi mitatu baada ya mavuno haimsaidii mnunuzi wa mazao. Itamsaidia kununua pikipiki tu. Inafaa Halmashauri za Ngara na Biharamulo ziyapange maombi kwa kalenda ya mkulima, si kwa kalenda ya vikao. Inafaa pia majina ya vikundi, kiasi kilichokopwa na kiasi kilichorudishwa yabandikwe katika ofisi za kata, Rusumo na Kasulo na kwingineko, mahali ambapo kila mwanachama wa tawi anaweza kuyasoma na kuuliza. Kikundi hewa hakiwezi kuishi muda mrefu mbele ya jirani wanaojua kusoma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi twaongeza kuwa daftari likifungiwa kabatini ni kama halipo.

Tuutazame tena ule ukingo wa pili. Rusumo ya kwetu inatazamana na Rusumo ya Rwanda, katika Wilaya ya Kirehe, na mwanamke wetu avukaye na kapu la samaki wakavu au gunia la mchele huwa, akisha kuvuka, mgeni katika nchi ya watu. Tukimfukuza wa kwao kwa fujo, wetu ndiye atakayelipa. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka utaratibu rahisi kwa mfanyabiashara mdogo: mzigo wa bidhaa za nchi za Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, usiozidi thamani ya dola 2,000, hupita kwa cheti kifupi kinachojazwa pale pale mpakani bila ushuru wa forodha. Asiyeambiwa habari hii huiogopa forodha, akapita njia za panya, akalipa mvushaji, na akikamatwa hupoteza kapu lote. Hapo hahitajiki waziri. Anahitajika mtu mmoja akaaye mezani penye njia, ajuaye Kiswahili, Kihangaza na Kinyarwanda, na asiyeomba chochote.

Halafu kuna kitu ambacho Halmashauri inacho mkononi bila kuomba kwa mtu, nacho ni manunuzi yake yenyewe. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inataka sehemu ya asilimia 30 ya manunuzi itengwe kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Madawati ya shule, milango ya zahanati, chakula cha mikutano, sare: hivi ni vitu ambavyo seremala, mchomeleaji na fundi cherehani wa Benaco anavijua. Lakini siku hizi zabuni hupita katika mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, na seremala asiye na namba ya mlipa kodi, leseni wala simu yenye intaneti hauoni mlango wake. Mfumo ni mzuri, maana umepunguza bahasha za gizani. Basi Ofisa Biashara na atoke ofisini na kompyuta yake, akae sokoni siku ya gulio, awaandikishe mafundi mmoja mmoja mpaka wamalizike. Kazi hiyo ni ya wiki chache.

Nasi wafanyakazi, tusijitoe katika hesabu hii. Mishahara ya forodha, uhamiaji, kituo cha umeme, shule na zahanati ndiyo fedha pekee mpakani ambayo haiendeshi magurudumu usiku. Mfanyakazi anayeagiza kitanda Mwanza na unga Kahama, huku seremala na mwenye mashine ya kusaga wako nyuma ya nyumba yake, hana haki ya kunung'unika kuwa mji hauna kitu. Tunajua jibu lake: kitanda cha hapa hulia na unga wa hapa una mchanga. Pengine ni kweli. Basi amwambie seremala hivyo, amlipe nusu, na nusu nyingine ampe kitanda kikinyamaza.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio hujadiliwa na madiwani miezi kadhaa kabla ya hapo. Wanachama wa matawi ya Ngara na Biharamulo wanao muda wa kuwauliza madiwani wao mambo matatu kabla kikao hakijafungwa: asilimia 10 ya mwaka uliopita ilikwenda kwa nani, madawati ya mwaka ujao yatachongwa na nani, na taa za maegesho ya Rusumo ziko katika ukurasa wa ngapi.