Kibanda cha Usukani si Kilemba

Upo usemi uliozagaa siku hizi katika mwambao wetu, kwamba mwenye fedha ndiye achaguaye kimo cha kibanda cha usukani, na kazi ya fundi ni kupigilia misumari tu. Naupinga usemi huo. Kibanda kile anamosimama mshika usukani wa boti ndogo ya injini, akijikinga na jua, mvua na maji ya chumvi, hakipimwi kwa mfuko wa mtu wala kwa ukubwa wa jina lake. Kinapimwa kwa chombo kinachokibeba. Anayekipima kwa kitu kingine anaita msiba, na mara nyingi msiba huo humkuta yeye yuko nyumbani amekaa, na waliomo chomboni ni watoto wa wenzake.

Wazee wetu waliounda majahazi hawakuwa na tatizo hili. Nahodha alikaa tezini, peupe, macho yake yakiona tanga na omo, na uzito mkubwa wa shehena na farumi ulikuwa chini kabisa. Injini ndizo zilizotuletea kibanda, kwa kuwa boti iendayo kasi humrushia maji usoni anayeiongoza. Hapo hapana ubaya. Ubaya uliingia pale kibanda kilipogeuzwa kuwa kilemba, yaani kitu cha kuvaliwa ili watu waone. Tajiri anataka kibanda kirefu, chenye vioo vizito pande zote, ngazi ya kupandia darini, na huko darini viti vya wageni. Fundi anatikisa kichwa, kisha anachukua msumeno.

Hebu tupige hesabu, tena hesabu ya shule ya msingi. Chukua boti ya mita 9 ambayo, pamoja na injini, mafuta na watu wake, ina uzito wa kilo 3,000. Weka juu yake kibanda cha kilo 200, ambacho kitovu cha uzito wake kiko mita 1.5 juu ya kitovu cha uzito wa boti. Zidisha 200 kwa 1.5, kisha gawanya kwa 3,200. Utaona kwamba kitovu cha chombo kizima kimepanda sentimita 9 hivi. Chombo kilichoundwa vizuri kitavumilia. Sasa wapandishe darini watu watano wa kilo 70 kila mmoja, wawe mita 2.2 juu ya kitovu kile cha kwanza. Ukikokotoa upya, kitovu kimepanda sentimita 30. Mkuku ni ule ule na bahari ni ile ile, ila sasa boti ikilala upande hurudi kwa kusitasita, na ipo siku haitarudi.

Bado hatujautaja upepo. Ukuta wa kibanda wenye urefu wa mita 3 na kimo cha mita 2 una eneo la mita za mraba 6. Hilo ni tanga, tena tanga lisiloshushika. Baharia wa jahazi akiona wingu baya hushusha foromali. Mwenye kibanda atashusha nini? Na ieleweke kwamba upepo ukiongeza kasi mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne.

Wapo watakaoniuliza: je, mtu akunje mgongo humo ndani kutwa nzima? La hasha. Ashushwe yeye, si dari lipandishwe. Tuseme boti ina kina cha sentimita 120 kutoka ukingo wa ubavu hadi chini. Sakafu ya kibanda ikiwekwa sentimita 25 kutoka chini, na mtu akapewa nafasi ya sentimita 190 ya kusimama, basi sentimita 95 zimejificha ndani ya chombo na 95 tu ndizo zilizo juu ya ukingo. Fundi akiiweka sakafu sawasawa na ukingo, zote 190 zimekwenda juu. Nusu ya ukuta imepungua bila mtu kupunguzwa hata unywele. Ni kweli kwamba sakafu ya chini hukusanya maji, kwa hiyo inataka kizingiti kirefu mlangoni na pampu iliyo nzima. Hiyo ni gharama ndogo.

Yaliyobaki ni ya akili ya kawaida. Kibanda kiwe chembamba kuliko chombo, ili mtu apite ubavuni akiwa na cha kushika. Kuta ziegemee ndani kidogo. Dari liwe jepesi, lenye mgongo, lisilo na ngazi, ili pasiwe na wa kulitamani. Vioo vya mbele viinamie mbele kwa juu. Hivyo maji ya mvua huchuruzika upesi, na usiku mwanga wa ndani haumrudii mshika usukani machoni. Pasiwe na mbao inayokata njia ya macho, awe amekaa au amesimama. Liwepo dirisha la nyuma, kwa kuwa wimbi la nyuma halipigi hodi. Na ziwepo njia mbili za kutokea.

Wapo pia wasemao kwamba uzuri wa kibanda ni anasa. Hao nao wamepotoka. Kibanda ambacho mstari wa madirisha yake unafuata mstari wa ukingo, na ambacho kimo chake hakizidi sana kimo cha ubavu ulio juu ya maji, hupendeza kwa sababu ile ile inayokifanya kitulie. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba uwiano hauishii kwenye daftari la hesabu: ubao ukitundikwa juu mno, mtoto wa dawati la mbele huumia shingo. Jicho likikataa kitu, aghalabu hesabu nayo imekikataa.

Mwingine atasema kwamba haya ni mambo ya vijiboti, kwani meli kubwa zina maghorofa na zinakwenda. Nazo pia haziponi. Tarehe 10 Agosti 1628 meli ya kivita Vasa, fahari ya mfalme wa Sweden, iling'oa nanga Stockholm ikiwa na safu mbili za mizinga mizito, moja juu ya nyingine. Ilikwenda kama mita 1,300, upepo ukaisukuma, ikalala, ikazama. Kabla ya hapo watu 30 walikuwa wameamriwa kukimbia kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ili kuipima. Meli ikayumba vibaya mno hata jaribio likasimamishwa, na bado ikaruhusiwa kuondoka. Katika uchunguzi hakuna aliyeadhibiwa. Na tarehe 16 Aprili 2014 huko Korea Kusini ilizama meli Sewol, iliyokuwa imeongezewa vyumba vya abiria upande wa juu, na iliyobeba mizigo kupita kiasi. Walikufa watu 304, wengi wao wanafunzi wa sekondari waliokuwa katika safari ya shule. Nasi tulioomboleza MV Bukoba mwezi Mei 1996 hatuna haki ya kusema kwamba hatujui maana ya chombo kisichotulia majini.

Lawama yangu kubwa, basi, siielekezi kwa tajiri, ambaye huenda hajui. Naielekeza kwa fundi ajuaye akanyamaza. Fundi anayetenda kila aambiwalo ni sawa na shoka. Tofauti yake ni kwamba shoka halilipwi. Asiyeweza kusema "hapana" mbele ya bahasha asijiite muundaji wa vyombo.

Na asiyeniamini ajaribu mwenyewe. Kabla kibanda hakijajengwa, boti ikiwa majini mahali patulivu, aiyumbishe kwa mikono kisha ahesabu sekunde inazochukua kwenda upande mmoja na kurudi. Ahesabu tena kibanda kikishakamilika. Chombo kinachorudi upesi kina nguvu. Kinachorudi polepole, kana kwamba kinafikiri, kimekwisha kutoa onyo. Sekunde zikiwa zimezidi sana, msumeno bado upo, na ni heri mbao zikatwe wakati chombo kingali pwani.