KATUNI ZETU SI KARATASI ZA KUFUNGIA NYAMA

Kila mwaka kazi yangu katika gazeti hili huwa ni kusahihisha makala za wanafunzi, kutia nukta na mikato, kisha nikae kando. Safari hii nimeomba nafasi. Nina neno lililonikwama kooni kama mwiba wa samaki, na nisipolitema litanisumbua hadi toleo lijalo.

Neno lenyewe ni hili. Muhula uliopita, stoo iliyo nyuma ya maabara ilifunguliwa ili isafishwe. Mlikuwamo madawati mabovu, mipira iliyopasuka, na masanduku manne ya karatasi. Mnunuzi wa karatasi kuukuu aliitwa, akaja na mizani yake na kutaja bei yake kwa kilo. Nilipoinua kifuniko cha sanduku la kwanza, macho yalinitoka pima! Mlikuwa na matoleo ya zamani ya gazeti hili, nakala za Joe zisizo na majalada, Pichadithi kadhaa, na madaftari ambamo wanafunzi wa miaka ya 1990 walichora hadithi zao wenyewe kwa kalamu ya wino. Niliomba muda. Nikapewa hadi mwisho wa muhula huu. Baada ya hapo mizani itarudi.

Najua wapo watakaouliza, "Mwalimu, si ni katuni tu?" Naam, ni katuni tu. Hebu tulia nikusimulie.

Nililelewa Nakuru. Mwaka wa 1982 nilikuwa darasa la sita, na kando ya soko kulikuwa na mzee aliyetandaza magunia chini na kupanga juu yake vitabu na magazeti makuukuu. Sisi watoto hatukusema katuni; tulisema komiki. Kusoma papo hapo, ukiwa umechuchumaa, ilikuwa sumuni. Kwenda nayo nyumbani ilikuwa shilingi mbili, na ukiirudisha haijachanika unarudishiwa shilingi moja. Mvua ikinyesha, mzee hufunika komiki kwanza, kisha ndipo hujifunika mwenyewe.

Mfalme wa magunia yale alikuwa Lance Spearman, ambaye sisi tulimwita Spear tu. Gazeti lake liliitwa African Film na lilichapishwa na kampuni ya Drum. Spear hakuchorwa. Alikuwa mtu halisi, mwigizaji wa Afrika Kusini aitwaye Jore Mkwanazi, akipigwa picha moja baada ya nyingine, na maneno yakaandikwa juu ya picha hizo. Kofia kichwani, tai ya kipepeo shingoni, sigara nene mdomoni, na gari lake Corvette Stingray. Kufikia wakati wangu zilikuwa tayari komiki za zamani, zimepita mikono mia, zimelainika kama kitambaa. Lakini ni nani angejali? Katika filamu tulizoziona, Mwafrika alikuwa mbeba mizigo. Kwa Spear, Mwafrika ndiye aliyewakamata majambazi, tena bila kuchafua suti!

Punde si punde nikawa mfanyabiashara. Nilikuwa na sanduku dogo la bati chini ya kitanda, na siku za Jumamosi nililipeleka nje ya uwanja wa mpira. Tulikuwa na sheria zetu zisizoandikwa popote. Komiki yenye jalada ilibadilishwa na mbili zisizo na jalada. Beano mbili kwa Commando moja ya vita. Na kama ukurasa wa mwisho umepotea, mwenye komiki hulazimika kusimulia mwisho wake kabla ya kuibadilisha. Basi tuliokuwa na komiki nyingi mbovu tulijifunza kutunga. Mteja akisema, "Wacha uongo, haiwezi kuisha hivyo," unarudi nyumbani kufikiria mwisho bora zaidi. Leo nikiwafundisha insha, darasa la kwanza nililopitia mimi lilikuwa pale nje ya uwanja.

Nyumbani nako, baba alinunua Taifa Leo. Alianza na habari. Sisi tulianza na Juha Kalulu wa Edward Gitau. Yule bwana mwenye mikasa isiyokwisha ndiye aliyenifundisha Kiswahili kabla ya kitabu chochote cha sarufi. Kwetu tulizungumza lugha ya mama. Kiswahili cha barabarani nilikijua, lakini Kiswahili cha kuandikwa, chenye methali na kejeli, nilikipata katika visanduku vile vichache vya picha.

Ndipo nikakutana na Joe. Gazeti hili lilianzishwa Nairobi mwaka wa 1973 na Hilary Ng'weno pamoja na mchoraji Terry Hirst, likaendelea hadi mwaka wa 1979. Joe alikuwa mwananchi wa kawaida, mwenye mshahara mdogo na matatizo makubwa, anayecheka ili asilie. Miaka ya 1980 Hirst huyohuyo akatoa Pichadithi, ambamo ngano zetu zilichorwa. Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mkuki haukumdhuru mwilini, nilimwona kwanza humo. Nitasema ukweli: Pichadithi ziliandikwa kwa Kiingereza, na hilo lilinikera nilipokua. Lakini hebu fikiri, mtoto wa Nakuru kumjua Lwanda Magere kwa sumuni moja!

Sasa sikiliza kilichofuata. Mwaka wa 1985 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni. Sanduku langu lilikuwa nami, na lilikuwa na komiki arobaini na tatu. Nilizijua moja moja kama mchungaji ajuavyo ng'ombe wake. Biashara ilinoga hata wakati wa prepu, na hapo ndipo nilipokosea. Mwalimu wa zamu alinikamata. Sanduku lilibebwa hadi kwenye shimo la takataka, likamwagwa, na kiberiti kikawashwa mbele ya bweni zima. Niliiona kofia ya Spear ikijikunja na kuwa nyeusi. Adhabu ya kufanya biashara saa za masomo nilistahili. Moto ule sikuustahili, na komiki zile hazikuwa na kosa lolote.

Usidhani ni sisi tu. Huko Marekani, mwaka wa 1938, toleo la kwanza la Action Comics lilitoka likiwa na Superman, kwa bei ya senti 10. Watoto walisoma, wakakunja, wakatupa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia karatasi kuukuu zilikusanywa kusaidia vita, na komiki zikaenda humo. Miaka ya 1940 kulikuwa na shule zilizowakusanya watoto wachome komiki zao hadharani. Mwaka wa 1954 daktari mmoja, Fredric Wertham, aliandika kitabu kizima cha kudai kuwa komiki zinawaharibu vijana. Kwa hiyo yule mwalimu wangu wa zamu hakuwa wa kwanza.

Lakini watoto wale walikua, wakaanza kuzitafuta. Mwaka wa 1964 wachache walikutana New York kuuziana na kubadilishana. Mwaka wa 1970 wengine wakakutana San Diego katika hoteli moja, watu kama mia hivi. Siku hizi mkutano huo wa San Diego huwavuta watu zaidi ya laki moja. Wauzaji hupanga masanduku mezani, wanunuzi huinama na kupekua komiki moja moja, bei hupandishwa na kushushwa. Yaani ni soko lilelile la Nakuru, ila wao wana meza. Mwaka huohuo wa 1970 Robert Overstreet alichapisha kitabu cha bei, ili mtu asidanganywe. Na mwaka wa 1977, mjini Denver, zilipatikana maelfu ya komiki katika nyumba ya mzee Edgar Church, mchoraji wa matangazo. Alikuwa amezinunua zikiwa mpya na kuzipanga marundo marundo, mahali pakavu, pasipo mwanga. Zilikuwa kama zimechapwa jana. Kijana mfanyabiashara, Chuck Rozanski, alizinunua kwa bei ya chini, naye akawa tajiri wa jina.

Je, wajua nakala moja ya lile toleo la mwaka wa 1938 iliuzwa kwa bei gani mwaka wa 2024? Dola milioni 6! Senti 10 zilizaa dola milioni 6. Sababu ni moja tu: karibu zote zilitupwa. Inakadiriwa kuwa zilizosalia ni kama mia moja hivi.

Hapo naona vijana wa kidato cha nne mmeanza kupiga hesabu. Ngojeni kwanza. Mwaka wa 1992 wachapishaji wa Superman walitoa toleo la kifo chake, wakalifunga katika mfuko mweusi wa plastiki. Watu walinunua tano, kumi, ishirini, wakaziweka kabatini bila hata kuzifungua, wakingoja utajiri. Mamilioni ya nakala ziliuzwa, na kwa kuwa kila mtu aliweka, hakuna aliyepungukiwa, na bei haikupanda. Maduka mengi ya komiki yalifungwa miaka iliyofuata, na kampuni ya Marvel yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Desemba 1996. Kwa hiyo siwaambii muweke katuni ili mtajirike. Nasema tuziweke kwa sababu zikishapotea hatutakuwa na njia ya kuzirudisha. Ya Wamarekani yana vitabu vya bei na mikutano. Ya kwetu yana mizani ya kilo.

Walimu wenzangu wana hoja, nami naziheshimu. Mmoja aliniambia staff room, "Mlezi, hizi katuni ndizo zinazotuletea Sheng kwenye insha." Kweli, Shujaaz iliyoanza mwaka wa 2010 iliandikwa kwa Sheng, na vijana wakaipenda mno, hata ikashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Lakini Sheng haikuletwa na katuni. Imetoka mtaani ikaingia katuni. Kama twataka katuni ya Kiswahili sanifu, dawa yake ni kuichora. Mwingine akasema maktaba haina nafasi hata ya vitabu vya mtihani. Hilo nalo ni kweli. Masanduku manne nimeyapima: yanaingia katika rafu moja, mita moja na nusu. Mita moja na nusu tu, jamani.

Kuna jambo lililobaki, na ndilo gumu kuliko yote. Mwaka wa 2009 nilikuwa nikifundisha ushairi, kidato cha pili. Kijana mmoja alikuwa ameinama nyuma ya daftari lake la Kiswahili. Nikamwendea polepole. Alikuwa amechora kurasa kumi na moja: hadithi ya makanga wa matatu aliyeokota mtoto. Maneno yote Kiswahili, tena kizuri. Mimi, mchuuzi wa komiki wa Nakuru, mimi niliyelia kwenye lile shimo la takataka, nilizirarua kurasa zile mbele ya darasa na kuzitia katika pipa. "Hapa si mahali pa michezo," nilimwambia. Yule kijana hakusema kitu. Alimaliza shule vizuri, lakini sikumwona akichora tena. Masanduku yale yalipotoka stoo, niliyapekua yote manne hadi usiku, nikitumaini kwa upumbavu wangu kwamba labda kuna mfagiaji aliyeziokota. Hazikuwamo. Majuto ni mjukuu, huja baadaye.

Ndiyo maana napendekeza haya. Kwanza, mwalimu mkuu atupe rafu ile moja, na chama kitaitunza. Pili, kila muhula tuwe na Jumamosi moja ya kubadilishana katuni, bila pesa, kwa sheria za Nakuru: asiye na ukurasa wa mwisho atasimulia mwisho. Huko Nairobi mikutano ya katuni ilianza kufanywa katika miaka ya 2010. Sisi nasi tuanze na wetu, hata kama ni chini ya mti. Tatu, kila mwanachama achore hadithi moja kwa Kiswahili, na iliyo bora ichapishwe humu. Nne, mkifunga shule, ulizeni nyumbani. Cha mvunguni sharti uiname. Kabla Taifa Leo ya babu haijaenda buchari kufunga nusu kilo ya nyama, mwombeni awaonyeshe. Andikeni tarehe kwa penseli, msitumie selotepu maana hugeuka manjano na kuharibu karatasi, na mziweke mbali na unyevu na mchwa.

Na wewe kijana wa mwaka wa 2009, kama gazeti hili litakufikia popote ulipo: yule makanga alimpeleka wapi mtoto? Kurasa zako nilizirarua kabla sijafika mwisho. Njoo Jumamosi yoyote unisimulie.

Mlezi,
Chama cha Kiswahili.