Tuandike majina ya wafu wetu kabla ya kusimamisha jiwe

Kila tarehe 5 mwezi wa sita watu wa Kisangani wanakumbuka vita vya siku sita. Viongozi wanaenda kwenye makaburi ya Plateau Médical, komine Makiso. Wanaweka maua, wanatoa hotuba, kisha magari yanarudi mjini.

Mwaka mmoja nilikuwa pale na mikro yangu. Mama mmoja wa komine Tshopo alinivuta kando. Mtoto wake aliuawa na bomu, na kwa sababu hakuna aliyeweza kutoka nje, walimzika ndani ya parseli, nyuma ya jiko. Akaniuliza: "Mwanangu, wewe unayesoma, umeona fasi jina la mtoto wangu limeandikwa?" Nikamwambia: "Hapana mama, sikuona." Akasema: "Sasa ile maua ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu ninaandika leo.

Kwa vijana waliozaliwa nyuma, nikumbushe. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu. Nchi mbili za kigeni, na sisi katikati. Mabomu zaidi ya 6,600 yalianguka mjini. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa, karibu 1,700 waliojeruhiwa, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomoka au kuharibika. Lakini ripoti ya Mapping, iliyotoka mwaka 2010, inasema waliokufa ni kati ya 244 na 760. Angalieni tofauti hiyo. Kati ya hesabu hizo mbili kuna watu zaidi ya 500. Je, ni watu wa bure, hata tushindwe kujua kama walikufa au hawakufa?

Wengine watasema: majina yatasaidia nini? Mtu amekwisha kufa. Mimi ninajibu kwa mambo ya korti. Mwaka 2005 Korti ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye, ilisema Uganda ina kosa. Tarehe 9 mwezi wa pili mwaka 2022 ikakata malipo. Congo ilikuwa imeomba zaidi ya dola miliari 11. Tulipewa dola milioni 325. Serikali yetu ilidai raia 180,000 waliokufa. Korti ikasema ushahidi hautoshi, ikakadiria watu kati ya 10,000 na 15,000. Karatasi nyingi zilizopelekwa kule hazikuwa na cheti cha kifo wala ushahidi mwingine wa kuzishikilia.

Sisemi korti ilitenda haki yote. Wakati mabomu yanaanguka, nani atakwenda kwa buromestre kuomba cheti cha kifo? Lakini vita vilikwisha mwaka 2000, na hukumu ilitoka miaka 22 baadaye. Katika miaka hiyo yote, ni kartie gani iliyokaa chini na kuandika majina ya watu wake, avenyu kwa avenyu? Tulilia matanga, tukaenda nyumbani. Leo FRIVAO, mfuko uliowekwa na serikali kwa ajili ya malipo hayo, inapotafuta wahanga wa kweli, kila mtu anabishana na mwenzake: huyu ni wa kweli, yule ni wa uongo. Mahali ambapo hakuna daftari, mwenye sauti kubwa ndiye anapita mbele.

Tena jiwe peke yake halilindi mtu. Wazee wa Kisangani wanajua: mwaka 1964, wakati wa Simba, watu waliuawa hapa mjini mbele ya mnara wa Lumumba. Mnara ulijengwa kumkumbuka mtu aliyeuawa, na mbele yake wengine wakauawa.

Hata wazungu waliotutawala, waliandika majina waliyoyataka wao. Katika vita vya kwanza vya dunia, jeshi la Force Publique liliingia Tabora mwezi wa tisa mwaka 1916. Jenerali Tombeur aliyeliongoza ana mnara wake mpaka leo kule Saint-Gilles, Bruxelles. Na wale wapagazi karibu 260,000 waliobeba risasi na chakula kichwani, wengi wakafa kwa njaa na magonjwa njiani? Ni babu zetu. Nani kati yetu anaweza kutaja hata kumi kwa majina? Mkubwa anapata jiwe, mdogo anapata hesabu. Na sisi tukijenga minara yetu, tusifuate njia hiyohiyo.

Sasa ninageukia ninyi mliokimbia. Tangu mwaka 2023, mapigano ya Mbole na Lengola yamefukuza jamaa nyingi kutoka Lubunga na vijiji vya ngambo ile ya mto. Wengi walivuka kwa mtumbwi na watoto tu, bila kitu mkononi. Mmeacha wafu ambao hamkuwazika, au mliowazika usiku, haraka, bila msalaba. Siku moja mtu atakuja na saruji, atasema tujenge mnara. Atawauliza: walikuwa wangapi? Na ninyi mtaanza kukisia, kama sisi wa mwaka 2000.

Msingojee siku hiyo. Kaye moja na biki vinatosha. Andikeni jina kamili la marehemu, umri, kijiji, siku aliyokufa, alikufa namna gani, amezikwa wapi, na nani aliona. Kama tarehe imepotea, andikeni "wakati wa kuvuna mpunga" au "siku mbili kisha soko". Asiyejua kuandika, amwombe mwalimu au mtoto wa shule. Andikeni nakala mbili: moja ibaki na jamaa, nyingine iwekwe kwenye parokia, kanisa au msikiti mnaouamini.

Ninajua woga wenu. Papa mmoja aliniambia kwamba daftari la namna hiyo linaweza kuwa orodha ya kulipiza kisasi. Ana haki ya kuogopa. Ndiyo maana ninasema: tusiandike kabila. Tuandike watu. Mtoto wa Mbole na mtoto wa Lengola wawe ukurasa mmoja, kwa kufuata siku waliyokufa. Majina ya wauaji yana njia yake, ni kazi ya waamuzi. Daftari hili ni la wafu. Na asiitishwe mtu hata franga moja ili jina la mtu wake liandikwe.

Kwa bwana meya na maburomestre wa komine zetu, ninaomba jambo moja. Kabla ya hotuba ya tarehe 5 inayokuja, kila shefu wa kartie apite nyumba kwa nyumba na akusanye majina ya mwaka 2000, hata ya waliozikwa ndani ya parseli. Kisha yasomwe kwa sauti pale Plateau Médical. Kama yatachukua saa tatu, yachukue saa tatu. Hotuba ndiyo ifupishwe.

Yule mama bado anaishi Tshopo. Amezeeka, macho yanapungua nguvu. Hata tukiandika jina la mtoto wake leo, labda hataweza kulisoma. Lakini atalisikia.