Kontroli Bila Mota ni Kukariri Tu

Nitatukanwa kwa komenti, lakini poa. Yuniti ya Kontroli, ile inayomaliza makomredi wa uhandisi kwa sapu, inafundishwa vibaya. Si ngumu vile mnatishwa. Imefichwa tu.

Husomi uhandisi? Ngoja, hii unaijua. Unaoga kwa shawa ya umeme. Maji ni moto sana, unafungua bomba zaidi. Hakuna kitu. Unafungua tena. Ghafla, barafu! Unafunga mbio, unaungua. Manze, hiyo ndiyo Kontroli: unapima, unalinganisha na unachotaka, unarekebisha. Ukirekebisha kwa pupa na majibu yanachelewa, mfumo unayumba, hautulii.

Sisi hatukuambiwa hivyo. Wiki ya kwanza Laplace, wiki ya mwisho Nyquist, na muhula mzima hakuna aliyegusa mota. Maabara ilikuwa na mashine moja, mbovu, imefunikwa nailoni. Ripoti zake zinarithiwa darasa hadi darasa kama viatu vya shule.

Na msiniambie nachukia hesabu. Routh alitupa mwaka 1877 njia ya kujua kama mfumo utatulia bila hata kutafuta mizizi ya mlinganyo, na hiyo bado ni tamu. Lakini ule mchoro wa Evans wa njia za mizizi ni wa 1948, enzi ambayo kutafuta mizizi kwa mkono ilikuwa adhabu. Leo laptopu inauchora kwa sekunde. Mbona alama 20 bado ziende kwa rula na penseli, na sufuri kwa kueleza mchoro huo unasema nini mota ikianza kutetemeka?

Halafu hizo hesabu zote ni za mifumo ya mstari ulionyooka: ukiongeza volti mara mbili, mwendo nao mara mbili. Mota ya kweli ina msuguano. Volti kidogo, haisongi hata. Volti ikifika kikomo, haiongezi mwendo. Ubaoni hauoni hayo.

"Hakuna pesa ya maabara." Acheni hizo! Luthuli Avenue kuna mota ndogo, sensa na bodi za Arduino. Watu watano wakichanga, wanapata.

Na hii si kelele ya wanafunzi peke yao. Umeme wa Kenya unafaa kukaa hertzi 50. Chanzo kikubwa kikizimika ghafla, hizo hertzi zinashuka, na gavana za mitambo iliyobaki lazima ziongeze nguvu haraka bila kuyumba. Zikichelewa, mitambo inajitoa mmoja baada ya mwingine, na nyinyi mnaanza kutafuta mishumaa. Atakayeziseti gavana hizo kesho ni huyo huyo aliyerithishwa ripoti leo.

Muhula ujao, nusu ya alama iwe mota juu ya meza. Mhadhiri aisukume kwa kidole, nayo irudi pale ilipoambiwa ikae. Isiporudi, sapu.