Munganga anapopimwa upya



Katika jamaa zetu kuna vijana waliomaliza udaktari hapa UNILU, kisha wakatafuta kazi inchi zingine. Huko diploma peke yake haitoshi. Afrika Kusini wanapimwa na baraza la HPCSA. Uingereza ni baraza la GMC, kwa mtihani uitwao PLAB.

Sehemu ya pili ya PLAB hufanyika Manchester. Munganga anapita vituo 16, dakika 8 kwa kila kimoja. Ndani anamukuta mtu anayeigiza mugonjwa: labda kifua kinamuuma, labda amekasirika, labda anaogopea mtoto wake. Wanaangalia namna munganga anavyouliza, anavyoomba ruhusa mbele ya kugusa, na anavyoeleza kwa Kiingereza chepesi.

Sisi walimu tunaujua ugumu huo. Mtu aliyesoma yote kwa Kifaransa anaweza kuujua ugonjwa na dawa yake, lakini akakosa maneno ya kumutuliza mama mwenye woga.

Hapo jamaa inaweza kusaidia, hata kwa simu. Mama mdogo aseme: "Munganga, tumbo linaniuma." Mtoto aangalie saa. Dakika 8 zikiisha, tumwambie kweli: umenisikiliza? Nimekuelewa? Anayejua Kiingereza kidogo ajibu kwa Kiingereza.

Na tuache kumwita mvivu kwa sababu hajaanza kutuma franga. Mpaka apite mtihani, hana ruhusa ya kutibu mtu. Miezi hiyo anahitaji moyo wetu kuliko maulizo yetu.