Kwihara

Kwihara ni mahali pa kihistoria karibu na mji wa Tabora, magharibi mwa Tanzania, kwenye uwanda wa juu wenye kimo cha mita 1,200 hivi.

Historia

Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu walikaa hapa, katika nchi ya Unyanyembe. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita kati ya Ujiji na Bagamoyo; wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. David Livingstone na Henry Morton Stanley walifika Februari 1872. Stanley aliondoka Machi, Livingstone akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Mwaka 1873 Chuma na Susi walipitia hapa na maiti yake.

Urithi

Tembe alimokaa Livingstone ni makumbusho yenye jina lake. Mwaka 2006 Tanzania iliitaja njia ya misafara katika orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia wa UNESCO, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Pendekezo hilo linabadilisha maana ya Kwihara: jambo kuu si tena mgeni aliyekaa miezi sita, bali maelfu waliopita wakiwa na mizigo au minyororo.

Pembe za ndovu zimo pia katika nembo ya Tanzania, kandokando ya ngao. Ila majina ya walio wengi kati ya waliozibeba hayakuandikwa popote.